Nani Amuulize Nani: Historia ya Ithibati Baina ya Simu na Mtandao

Mtandao wa simu za mkononi uliofunguliwa Chicago mwezi Oktoba mwaka 1983, ambao ulikuwa wa kwanza wa biashara katika Marekani, ulimtambua mteja wake kwa nambari mbili tu: moja ni nambari ya simu yake, na ya pili ni nambari ya chombo, aliyoitia mtengenezaji kiwandani. Kila mara mteja alipotaka kuzungumza, chombo chake kilizitoa nambari hizo hewani waziwazi, bila ya sitara yoyote, na mnara ulipozipokea na kuziona zimo daftarini ulifungua njia na kuanza kuhesabu gharama. Wahandisi walioubuni utaratibu huo hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wa simu za waya, waliolelewa katika zama ambazo waya wenyewe, uliotoka ukutani mwa nyumba ya mteja hadi kituo cha simu, ulikuwa shahidi tosha wa nani anayezungumza. Waya ulipoondoka, shahidi naye aliondoka, na kwa muda wa miaka mingi hakuna aliyewekwa mahali pake.

Wezi waliliona pengo hilo upesi. Walikaa kando ya barabara kuu na karibu na viwanja vya ndege wakiwa na vyombo vya kunasia mawimbi, wakaziokota jozi za nambari za wapita njia, wakazitia katika simu nyingine, na mwisho wa mwezi mteja mwaminifu akaletewa hesabu ya mazungumzo ambayo hakuyafanya. Baadhi ya makampuni yalimtaka mteja abonyeze nambari ya siri kabla ya kupiga simu, lakini nambari hiyo nayo ilipita katika hewa ile ile, na aliyenasa mbili za kwanza hakushindwa na ya tatu. Bunge la Marekani lilitunga sheria mahsusi juu ya unakili huo wa simu mwaka 1998, wakati ambapo dawa yenyewe ilikuwa imekwisha patikana Ulaya. Afrika Mashariki nayo haikuikosa zama ya analogia: mtandao ambao baadaye ulikuja kujulikana kwa jina la Safaricom ulianza mwaka 1993 ukiwa idara ya Shirika la Posta na Simu la Kenya, katika mfumo wa analogia uitwao ETACS, ukahamia mfumo wa tarakimu mwaka 1996.

Dawa hiyo ya Ulaya ilitokana na kikundi cha wataalamu kilichoundwa mwaka 1982 na baraza la mashirika ya posta na simu ya bara lile, nacho kikaitwa kwa Kifaransa Groupe Spécial Mobile, na ndiyo asili ya herufi GSM. Mwezi Septemba mwaka 1987 wawakilishi wa nchi 13 walitia sahihi mkataba mjini Copenhagen kwamba watajenga mfumo mmoja. Katika mambo mengi waliyoyaafikiana, lililo adhimu kwa maoni yangu halikuwa ubora wa sauti wala wingi wa wateja, bali uamuzi wa kumtenga mteja na chombo chake: utambulisho wake ukae katika kadi ndogo yenye ubongo wa hesabu, iwezayo kuchomolewa katika simu moja na kutiwa katika nyingine. Kadi za namna hiyo zilikuwa zimekwisha fikiriwa na Wajerumani Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff tangu mwaka 1968, na Mfaransa Roland Moreno alisajili uvumbuzi wake mwaka 1974. Kwa hiyo watu wa GSM hawakuivumbua kadi, ila waliipa kazi ambayo haijapata kuacha kuifanya hata leo.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya kadi huhifadhiwa ufunguo wa siri wa biti 128, na nakala yake moja huwekwa katika hazina ya kampuni iliyoitoa kadi. Mteja anapojitokeza, mtandao humtupia tarakimu ya bahati nasibu, nayo ya biti 128. Kadi huichanganya tarakimu hiyo na ufunguo wake ndani kwa ndani, kwa kanuni ya hesabu isiyokubali kurudishwa nyuma, kisha hutoa jibu la biti 32, na papo hapo huzaa ufunguo wa muda wa biti 64 wa kuyafunika mazungumzo. Kampuni hufanya hesabu ile ile upande wake, na majibu yakilingana mteja huruhusiwa. Siri yenyewe haisafiri kamwe. Mwizi akisikiliza mwaka mzima atapata maswali na majibu yaliyokwisha tumika, wala swali la kesho hatalikuta katika daftari lake.

Uzuri wa mpango huo ulidhihiri zaidi pale mteja aliposafiri. Kampuni ya ugenini haikupewa ufunguo wake. Ilipewa na kampuni ya nyumbani mafungu ya tatu tatu, yaani swali, jibu lake, na ufunguo wa muda, yaliyokwisha tayarishwa, mfano wa hawala ambayo tajiri wa Unguja angempa msafiri aendaye Maskati, ili wakala wa huko amlipe pasipo kuiona hazina wala kujua kilichomo. Wahindi, Waarabu na Waswahili wa pwani wasingeona jambo geni katika imani iliyopangwa hivyo, ya kuwa mtu aaminiwe ugenini kwa neno la kwao. Tarehe 1 Julai mwaka 1991, Harri Holkeri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ufini hadi miezi michache kabla ya siku hiyo, alipiga simu kutoka Helsinki na kuzungumza na Kaarina Suonio, naibu meya wa Tampere, katika mtandao wa kampuni ya Radiolinja; na kadi za kwanza, zipatazo 300, kampuni hiyo ilizinunua kwa Giesecke & Devrient ya Munich.

Walakini katika jengo hilo zuri palikuwa na mlango mmoja ulioachwa bila ya komeo. Mtandao ulimhoji mteja. Mteja hakupewa njia ya kuuhoji mtandao. Mnara wowote uliojitangaza kuwa ni wa kampuni fulani, na mawimbi yake yakawa na nguvu kuliko ya jirani zake, uliaminiwa na kila simu iliyokuwa karibu, na mnara huo ndio uliokuwa na mamlaka ya kuiamuru simu izungumze bila ya kufunika maneno. Waliobuni GSM walilijua jambo hili, wakaona kwamba kujenga mnara wa uongo ni gharama ambayo mhalifu hataimudu. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mwaka ule, nami siwalaumu kwa hesabu. Ninachosikitikia ni msingi wake, yaani dhana ya kwamba mwenye mali ndiye peke yake astahiliye kulindwa dhidi ya laghai, ilhali mteja, ambaye sauti yake na siri za nyumba yake ndizo zinazopita katika njia ile, atosheke na kuamini. Kufikia mwaka 1996 kampuni ya Rohde & Schwarz ya Munich ilikuwa imekwisha tengeneza chombo kinachojifanya mnara, kwa ajili ya vyombo vya dola; na mwaka 2010, katika mkutano wa wadadisi wa usalama uliofanyika Las Vegas, mtafiti Chris Paget aliudhihirishia umma mnara wa namna hiyo uliogharimu dola kama 1,500 tu. Ile gharama iliyotegemewa kuwa ngome ilikuwa imekwisha yeyuka.

Pigo jingine lilikuja mwezi Aprili mwaka 1998. Kanuni ya hesabu iliyotumiwa na makampuni mengi ndani ya kadi, iitwayo COMP128, ilikuwa imefichwa kwa miaka, kwa itikadi ya kwamba kisichojulikana hakishambuliki. Marc Briceno akaipata, na pamoja na Ian Goldberg na David Wagner, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, akaonyesha kwamba mtu aliyeishika kadi mkononi anaweza kuiuliza maswali yapatayo 150,000, yaliyochaguliwa kwa hila, hata akauchota ufunguo wenyewe na kutengeneza kadi pacha. Wakagundua kadhalika kwamba katika ule ufunguo wa muda wa biti 64, biti 10 zilikuwa sifuri daima. Majina ya vijana wawili kati ya hao, Goldberg na Wagner, msomaji ayaweke akilini, maana tutakutana nao tena mahali pengine kabisa.

Mahali hapo pengine palikuwa pakijengwa na watu wasiokuwa na nasaba yoyote na mashirika ya simu. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa ya redio yatumiwe bila ya leseni, na baada ya miaka mingi ya majadiliano katika kamati iliyoongozwa na Mholanzi Vic Hayes, ilitolewa mwaka 1997 kanuni ya mitandao ya karibu isiyo na waya, inayojulikana kwa nambari 802.11, ambayo miaka miwili baadaye ilipewa jina la biashara la Wi-Fi. Hapa hapakuwa na kampuni ya nyumbani, wala kadi, wala hazina ya funguo. Palikuwa na kisanduku, na neno moja la siri lililotumiwa na wote waliokizunguka. Na kinga yake iliitwa WEP, jina lililoahidi faragha sawa na ile ya waya. Mwaka 2001 Goldberg na Wagner, wakiwa pamoja na Nikita Borisov, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba ahadi hiyo haikutimizwa, na mwaka huo huo Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir wakafichua udhaifu mkubwa zaidi, uliowezesha ufunguo kukokotolewa kwa kusikiliza tu pakiti zinazopita. Katika muda wa miaka mitatu, basi, fikra zile zile mbili zilikuwa zimepenya katika kadi ya simu na katika mtandao wa Wi-Fi, na hilo lingepasa kuwaambia wenye mitandao yote miwili kwamba adui wao ni mmoja.

Wakati huo watu wa simu walikuwa na sababu ya kuitazama Wi-Fi kwa jicho la tamaa na la hofu pamoja. Walikuwa wametumia fedha zisizo na kifani kununua leseni za kizazi cha tatu. Mtandao wa kwanza wa biashara wa kizazi hicho ulifunguliwa na NTT DoCoMo nchini Japani tarehe 1 Oktoba mwaka 2001. Na huku katika hoteli, migahawa na viwanja vya ndege pakiota visanduku vidogo vya bei rahisi, vilivyobeba data kwa kasi kubwa kuliko minara yao. Mteja aliyetaka kuvitumia visanduku hivyo alifunguliwa ukurasa, akatakiwa aandike jina na nywila, au nambari ya kadi ya benki. Na kwa kuwa ukurasa ni kitu awezacho kukiiga yeyote, laghai alitega kisanduku chake chenye jina lile lile, akangoja. Hapo wahandisi wachache walijiuliza swali ambalo, likisikika leo, huonekana la dhahiri: maadamu kila mtu anatembea na kadi yenye siri isiyosafiri, kwa nini kadi hiyo isimtolee ushahidi katika Wi-Fi kama inavyomtolea mbele ya mnara?

Ugumu ulikuwa katika lugha. Minara ilizungumza na hazina za funguo kwa itifaki za simu, ambazo visanduku vya Wi-Fi havikuzifahamu. Na visanduku, vilipohitaji kuuliza habari za mtu, viliuliza kwa itifaki iitwayo RADIUS, ambayo kampuni ya Livingston iliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya Merit Network ya Michigan, zama za kuingia intaneti kwa kupiga simu. Kilichoziunganisha dunia hizi mbili ni uvumbuzi mwingine wa zama hizo hizo, uitwao EAP, ulioandikwa na watu wa Merit na kuchapishwa mwaka 1998. EAP yenyewe haithibitishi chochote. Ni bahasha tupu, iliyokusudiwa kubeba mbinu yoyote ya ithibati baina ya mtu na seva iliyo mbali, pasipo mlinzi wa mlangoni kuhitaji kujua kilichomo. Yeye hungoja tu neno la mwisho, aruhusu au akatae. Mwaka 2001 ilitolewa kanuni 802.1X ya kuitumia bahasha hiyo katika mitandao ya karibu, na mwaka 2004 kanuni 802.11i ikaiweka katika msingi wa usalama mpya wa Wi-Fi, ule uliouzwa kwa jina la WPA2. Ni kwa bahasha hii pia kwamba vyuo vikuu vya Ulaya, kwa rai aliyoitoa Klaas Wierenga wa Uholanzi mwaka 2002, vilianzisha eduroam, ambayo humwezesha mwanafunzi kuingia katika mtandao wa chuo kigeni kwa utambulisho wa chuo chake. Nayo imefika kwetu, ikihudumiwa Kenya na KENET na Uganda na RENU.

Ndipo wakaja Henry Haverinen wa Nokia na Joseph Salowey wa Cisco na itifaki yao, EAP-SIM. Wangeweza kuchukua swali na jibu la GSM kama yalivyo, wakayatia katika bahasha, wakamaliza kazi. Na mteja angeendelea kuhojiwa bila ya kuhoji. Hawakufanya hivyo. Katika mpango wao simu hutangulia kutoa tarakimu yake yenyewe ya bahati nasibu. Seva ya nyumbani huchukua mafungu mawili au matatu ya GSM, huzishikamanisha zile funguo za biti 64 ambazo kila moja peke yake ni dhaifu, huzichanganya na tarakimu iliyotoka kwa simu, na kutokana na mchanganyiko huo hupiga muhuri juu ya ujumbe wake. Simu hupokea maswali pamoja na muhuri, huipa kadi maswali, hupata kutoka kwake funguo zile zile, huukagua muhuri. Na ukiwa si sahihi hukata mazungumzo kabla haijatoa jibu hata moja.

Hebu msomaji akipime kisa hiki kwa kituo. Kadi ni ile ile ya mwaka 1991, isiyojua kuuliza, iliyofungwa katika hesabu zake bila ya uwezo wa kubadilika. Lakini programu iliyoizunguka imeifanya iwe shahidi dhidi ya mtandao wenyewe. Mbele ya mnara wa GSM mwenye kadi ile alikuwa hana haki ya kuuliza, na akiingia mgahawani akaunganisha simu yake na kisanduku cha Wi-Fi kwa kadi hiyo hiyo, haki hiyo anayo. Nimesoma maandishi mengi ya kiufundi, na ni machache yaliyonigusa kama kurasa hizo kavu, ambazo ndani yake watu walioajiriwa kuwahudumia wenye mitandao walimpa mteja zaidi ya alivyopewa na mitandao yenyewe. Wala hawakuficha upungufu wa kazi yao: waliandika wazi kwamba, kwa kuwa mafungu ya GSM hayajui yanatumiwa wapi, aliyeyapata katika mawimbi ya mnara na kuzivunja funguo zake anaweza kuyapeleka katika Wi-Fi na kujifanya seva ya nyumbani.

EAP-SIM ilichapishwa rasmi mwezi Januari mwaka 2006, pamoja na ndugu yake EAP-AKA, iliyoandikwa na Jari Arkko wa Ericsson na huyo huyo Haverinen kwa ajili ya kadi za kizazi cha tatu. Katika kizazi hicho wabunifu walikuwa wamelipa deni la zamani: swali la mtandao halifiki peke yake, bali hufuatana na ithibati iliyotengenezwa kwa ufunguo wa siri na nambari ya mfululizo, na kadi huikagua kwanza, ikatambua kwamba muulizaji anatumwa na nyumbani na kwamba swali si la zamani lililorudiwa. Haki ya kuhoji ikaingia ndani ya kadi yenyewe, miaka kumi baada ya simu ya Holkeri.

Juu ya misingi hiyo, shirika la 3GPP, lililoundwa mwezi Desemba mwaka 1998 ili kuandika kanuni za kizazi cha tatu, lilichora namna ya kuyaoanisha mawimbi ya minara na ya visanduku. Lilipanga daraja sita za muungano, ya kwanza ikiwa hesabu moja ya malipo tu, na za juu zikiwa huduma isiyokatika mteja anapotoka upande mmoja kuingia wa pili. Daraja za awali zilifikiwa mapema. Za mwisho zimechukua miaka mingi. Kampuni ya T-Mobile ya Marekani ilianza mwaka 2007 kuuza simu zilizoweza kuzungumza kupitia Wi-Fi ya nyumbani na kuendelea kupitia mnara mtu atokapo nje, na leo anayepiga simu ya kawaida kupitia Wi-Fi, akiwa katika jengo ambalo minara haifiki, hufunguliwa njia yenye kinga hadi lango la kampuni yake kwa ithibati ya EAP-AKA, ingawa pengine hajapata kulisikia jina hilo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliikabidhi kadi hiyo amana kubwa kuliko waliyoikusudia wabunifu wake. M-Pesa ilipofunguliwa Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, menyu yake ilikaa ndani ya kadi, na maagizo ya fedha yalifunikwa kwa funguo zilizohifadhiwa humo. Basi mshahara, karo na mahari vikawa vinategemea kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha. Ndiyo sababu laghai wa kwetu aghalabu hahangaiki na hesabu za Berkeley. Huenda dukani au kwa wakala, akadai kwamba laini yake imepotea, akapewa kadi mpya yenye nambari ya mtu mwingine, na tangu dakika ile mtandao, kwa uaminifu wake wote, hutoa ushahidi kwa ajili yake. Hakuna itifaki iwezayo kuliziba pengo hilo maadamu siri huandikwa upya kwa neno la karani.

Turejee kwenye bahasha. Mwaka 2009 Arkko na wenzake walitoa toleo lililorekebishwa, ambalo jina lake hutofautishwa na la awali kwa alama ndogo tu: EAP-AKA′. Badiliko lake kuu ni kwamba jina la mtandao ambao mteja anauingia huchanganywa ndani ya funguo zenyewe, hivyo ufunguo uliotolewa kwa ajili ya mlango mmoja haufai kwa mwingine. Lile doa lililokiriwa katika EAP-SIM likafutwa.

Lakini doa jingine, la kale kuliko yote, lilisalia. Kabla ya swali lolote kuulizwa, mteja hutakiwa ajitaje, na jina lake la kudumu ni tarakimu zipatazo 15 zinazoanza na nambari ya nchi, 640 ikiwa Tanzania, 639 Kenya na 641 Uganda. Itifaki ziliruhusu majina ya muda yatumike baada ya mara ya kwanza, lakini seva ikidai kwamba haikumtambua mtu, simu ilitaja jina la kudumu waziwazi. Mwezi Novemba mwaka 2016, mjini London, Piers O'Hanlon na Ravishankar Borgaonkar wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba kisanduku cha kawaida cha Wi-Fi, kilichopewa jina ambalo simu zimefundishwa na makampuni kulitambua na kujiunga nalo zenyewe, kinatosha kukusanya majina hayo ya kudumu kutoka mifukoni mwa wapita njia. Hakikuvunja siri yoyote. Kiliuliza tu, simu zikajibu. Hayo ndiyo mavuno ya dhana ya awali, kwamba anayehojiwa lazima aanze.

Kanuni za kizazi cha tano, zilizokamilishwa mwaka 2018, zilijibu kwa namna mbili, na zote mbili zinafurahisha moyo wa aliyeifuata historia hii tangu mwanzo. Kwanza, jina la mteja hufunikwa ndani ya simu au kadi kwa ufunguo wa hadharani wa kampuni ya nyumbani kabla halijatoka hewani, hata mtandao wa ugenini usilijue mpaka nyumbani kukubali. Pili, EAP-AKA′ iliwekwa kuwa mojawapo ya njia mbili kuu za ithibati za mfumo mzima, kwa minara na kwa Wi-Fi sawia. Bahasha iliyobuniwa kwa intaneti ya waya wa simu, ikaazimwa na watu wa Wi-Fi, ikatiwa siri ya kadi na wahandisi waliotaka kumpunguzia msafiri adha ya nywila, imeingia katika moyo wa mtandao wa simu wenyewe. Mwaka huo huo David Basin wa Zurich na wenzake waliihakiki kwa kompyuta njia ile nyingine, iitwayo 5G-AKA, wakaonyesha mahali ambapo kanuni ziliacha mambo ya lazima bila ya kuyasema.

Hata hivyo kanuni huruhusu kampuni isilifunike jina ikitaka, na ufunguo wa kadi ungali na nakala yake mahali fulani. Mwezi Februari mwaka 2015 gazeti la The Intercept lilichapisha nyaraka zilizotoka kwa Edward Snowden, zilizodai kwamba majasusi wa Uingereza na Marekani walizipenyeza kompyuta za Gemalto, mtengenezaji mkubwa wa kadi, wakitafuta funguo hizo zikiwa njiani kupelekwa kwa makampuni. Gemalto ilikiri kwamba huenda ilishambuliwa miaka ya 2010 na 2011, ikakanusha kwamba funguo ziliibwa kwa wingi. Kwa sababu ya hofu hiyo Arkko na wenzake waliandika nyongeza, iliyochapishwa mwaka 2025, inayoifanya kila ithibati izae funguo mpya ambazo hata aliyeiba siri ya kadi hawezi kuzipata kwa kusikiliza tu.

Kizazi cha tano kilifunguliwa kibiashara Tanzania na Kenya mwaka 2022. Katika miji ya nchi hizo hizo, na vijijini zaidi, simu za vitufe zinazojua GSM peke yake zingali mikononi mwa watu wengi, zikipokea fedha na salamu, na kila moja huuamini mnara wowote unaoisemesha kwa nguvu. Tangu mwaka 2021 baadhi ya simu za gharama kubwa zimetiwa kitufe cha kuifunga GSM, ili zisikubali kuhojiwa na asiyehojika. Simu ya vitufe haina kitufe hicho, wala haiwezi kuwa nacho, kwa kuwa ikiifunga GSM haina mtandao mwingine wa kwenda.